Saa za Mzazi na Zamu za Mwenzake: Jinsi Sheria ya Kazi Inavyogawa Nafuu na Mzigo

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

Ofisi za umma nchini hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Kwa watumishi wa Kanoni, katika eneo la Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, saa hiyo ya kufunga haina maana moja kwa kila mmoja. Mama aliyerejea kutoka likizo ya uzazi huenda amekwisha kuondoka, kwa kuwa sheria inampa muda wa kwenda kunyonyesha. Baba mwenye watoto wadogo hutazama mawingu ya masika na kuhesabu vilima vilivyobaki kati yake na nyumbani. Mwenzao asiye na mtoto husikia maneno aliyokwisha kuyazoea: "Wewe baki kidogo, huna anayekusubiri."

Maneno hayo husemwa kwa upole, na mara nyingi anayeambiwa hubaki bila kunung'unika. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo limeanza kuulizwa katika sehemu nyingi za kazi, mijini na vijijini: je, ni haki kwa mzazi kupewa nafuu ya saa ambayo mwenzake hapewi? Na kama ni haki, nani abebe kazi inayobaki mezani?

Makala haya yanaeleza sheria inavyosema, na pia yanaonyesha mahali ambapo sheria imenyamaza na mazoea yakachukua nafasi yake.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, iliyo Sura ya 366 ya Sheria za nchi. Inatumika Tanzania Bara kwa waajiriwa wa sekta binafsi na wa sekta ya umma, isipokuwa wale walio katika Jeshi la Ulinzi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mtumishi wa umma, pamoja na sheria hiyo, anaongozwa pia na Sheria ya Utumishi wa Umma na Kanuni za Kudumu. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005.

Haki za mzazi zina mipaka

Wapo wanaodhani kwamba mzazi kazini ana mlango mpana wa nafuu. Anayeisoma sheria huona kwamba mlango huo ni mwembamba na kila nafuu imepewa kipimo chake.

Mwajiriwa mwanamke anastahili likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Anapaswa kumjulisha mwajiri nia ya kuchukua likizo hiyo angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, akiambatisha cheti cha daktari. Anaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe hiyo, na haruhusiwi kurejea kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa na Bunge mwanzoni mwa mwaka 2025 yaliwaangalia pia wazazi wa watoto njiti kwa kuwaongezea muda.

Akirejea kazini, mama anayenyonyesha anapaswa kuruhusiwa na mwajiri kumnyonyesha mtoto kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi. Kuhusu kazi ya usiku, ambayo kisheria ni ile ya kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi, mjamzito hatakiwi kupangiwa kazi hiyo miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, wala mama miezi miwili baada ya kujifungua. Muda huo unaweza kurefushwa iwapo cheti cha daktari kitaonyesha kwamba afya ya mama au ya mtoto bado hairuhusu.

Baba anapewa siku 3 zenye malipo, na ni lazima azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo zipo siku 4 zenye malipo kwa mwajiriwa yeyote, mwanamke au mwanamume, anayeuguliwa na mtoto au anayefiwa. Siku hizo 4 si za kila mwezi wala si za kila mwaka. Ni za mzunguko mzima wa likizo, ambao kwa likizo za aina hii ni miezi 36. Mzazi yeyote wa Kagera anayejua malaria ya mtoto wa chini ya miaka mitano atakubali kwamba siku 4 katika miaka mitatu huisha mapema. Siku za ziada zinaweza kutolewa kwa idhini ya mwajiri, bila malipo.

Huo ndio msingi wenyewe. Sheria haikusema kwamba mzazi asipangiwe zamu ya Jumamosi. Haikusema aondoke mapema kila siku mpaka mtoto amalize shule ya msingi, wala haikusema kwamba mwenye watoto ndiye achague kwanza tarehe za likizo ya mwaka. Hayo yote, pale yanapofanyika, hutokana na makubaliano, huruma au mazoea. Ni muhimu kutenganisha mambo haya mawili, kwa kuwa manung'uniko mengi kuhusu "upendeleo wa wazazi" hayahusu haki zilizomo katika sheria. Yanahusu kile kilichoongezwa juu yake bila kuandikwa popote.

Mfano wa orodha ya zamu

Tuchukue mfano wa kituo cha kutolea huduma za afya katika kata ya vijijini. Mfano huu ni wa kufikirika, lakini hesabu yake ni ya kweli mahali popote penye watumishi wachache.

Kituo kina wauguzi watano, na kila usiku muuguzi mmoja hulala zamu. Kwa mwezi wa siku 30, kila mmoja anapata usiku 6. Muuguzi wa kwanza anakwenda likizo ya uzazi. Wanabaki wanne, na kila mmoja anapata usiku 7 au 8. Muuguzi wa pili amekwisha kurejea kutoka likizo kama hiyo, ila daktari ameandika kwamba afya ya mtoto wake haimruhusu mama kufanya kazi usiku. Wanabaki watatu, na kila mmoja ana usiku 10.

Mpaka hapa, kila hatua imefuata sheria. Hakuna aliyependelewa. Waliopumzishwa wamepumzishwa kwa sababu ambazo jamii nzima inanufaika nazo, maana mtoto anayenyonyeshwa vizuri na mama anayepona salama si mali ya kaya moja tu.

Hatua inayofuata ndiyo inayozua utata. Mmoja wa wale watatu ana watoto wanaosoma darasa la kwanza na la tatu. Anamwomba mganga mfawidhi amwondoe katika zamu za usiku kwa kuwa mumewe amehamishiwa wilaya nyingine na hana wa kuwaachia watoto. Ombi ni la kweli na linagusa moyo. Mganga mfawidhi analikubali kwa neno la mdomo. Sasa wamebaki wauguzi wawili, na kila mmoja ana usiku 15 kwa mwezi, mara mbili na nusu ya zile 6 alizoanza nazo. Wote wawili ni vijana wasio na watoto, na hakuna aliyewauliza.

Ukiwauliza wauguzi hao wawili, watasema chanzo cha mzigo wao ni wazazi. Ukitazama hesabu kwa makini, utaona kwamba chanzo ni pengo la watumishi ambalo halikuzibwa, pamoja na uamuzi mmoja uliofanywa bila kuandikwa na bila kuwashirikisha wanaoathirika. Likizo ya uzazi haikuwa siri. Sheria ilimtaka mama atoe taarifa miezi mitatu kabla. Muda huo umewekwa ili mwajiri ajipange: aombe mtumishi wa muda, aazime mmoja kutoka kituo jirani, au apange upya kazi. Mwajiri akikaa kimya kwa miezi hiyo mitatu, mzigo haupotei. Unahamia kwa yule ambaye ni rahisi kumwomba.

Mambo ya namna hii hayako katika afya peke yake. Shuleni, mwalimu wa zamu ndiye hukaa mpaka mwanafunzi wa mwisho aondoke, na katika shule zenye mabweni kuna usimamizi wa masomo ya jioni. Katika vyama vya msingi vya ushirika, msimu wa kahawa unapoanza mnamo Mei, makarani hupokea na kupima kahawa mpaka giza linapoingia, kwa kuwa mkulima aliyesafirisha magunia yake kwa pikipiki kutoka mbali hawezi kuambiwa arudi nayo. Kila mahali swali ni lile lile: nani abaki?

Asiye na mtoto naye analindwa

Sheria inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ikiwamo kabila, dini, jinsi, ujauzito, ulemavu, umri, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Ubaguzi unaelezwa kuwa ni kumtofautisha, kumtenga au kumpendelea mtu kwa misingi hiyo kwa namna inayoharibu usawa wa fursa au wa kutendewa katika ajira.

Wengi husoma kipengele cha majukumu ya kifamilia kama kinga ya wazazi, na hawakosei. Mwajiri anayemnyima mama nafasi ya kupandishwa cheo kwa hoja kwamba "ana watoto wadogo, hataweza kusafiri" anaweza kujikuta akijibu shauri. Lakini hali ya ndoa ina pande mbili. Aliyeoa anayo, na asiyeoa anayo pia. Mwajiri anayempangia mtu zamu zote za sikukuu kwa sababu tu hana mume, hana mke au hana mtoto, anamtendea tofauti kwa msingi ambao sheria imeutaja. Kauli ya "huna anayekusubiri" ikigeuka kuwa kanuni ya kupanga orodha ya zamu, inaweza kuhojiwa mbele ya chombo cha sheria kama kauli nyingine yoyote ya kibaguzi.

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba hatua maalumu za kukuza usawa si ubaguzi, na kwamba kutofautisha watu kwa mahitaji ya msingi ya kazi yenyewe si ubaguzi pia. Kwa hiyo saa mbili za kunyonyesha haziwezi kuitwa upendeleo. Zipo ili mwanamke asilazimike kuchagua kati ya ajira na afya ya mtoto wake, jambo ambalo mwanamume hakuwahi kutakiwa kulichagua.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Katika familia zetu, kutokuwa na mtoto si kutokuwa na majukumu. Kijana ambaye hajaoa mara nyingi ndiye anayetajwa na ukoo kuwa mwangalizi wa mama mzee, kwa sababu hiyo hiyo inayomfanya abaki kazini: inasemekana hana mzigo. Anampeleka mzazi kliniki ya shinikizo la damu, anasubiri foleni ya vipimo katika hospitali ya rufaa Bukoba, analipa ada ya mdogo wake. Sheria, katika zile siku 4 zenye malipo, inataja ugonjwa wa mtoto. Kuhusu mzazi, babu, bibi, ndugu na mwenzi, inataja kifo. Kwa maneno mengine, mwajiriwa anapewa siku za kumzika mama yake. Za kumuuguza hazikutajwa. Anayehitaji kumuuguza mzazi hutegemea likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 28 mfululizo, au ruhusa ambayo mwajiri anaweza kumpa au kumnyima.

Hapo ndipo mwandishi huyu anapoona kwamba malalamiko ya wasio na watoto yana uzito wa kweli. Tofauti haiko kati ya mwenye familia na asiye na familia. Iko kati ya majukumu yaliyoandikwa na yale ambayo hayajaandikwa.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Uingereza ilianza mwaka 2003 kwa kuwapa wazazi wa watoto wadogo, pamoja na wazazi wa watoto wenye ulemavu, haki ya kuomba ratiba ya kazi inayonyumbulika. Mwaka 2007 haki hiyo ilipanuliwa ikawafikia wanaowahudumia watu wazima wanaohitaji uangalizi. Mwaka 2014 ilitolewa kwa waajiriwa wote waliotimiza muda fulani kazini, bila kuuliza kama wana watoto au la, na tangu Aprili 2024 mwajiriwa anaweza kuomba kuanzia siku yake ya kwanza ya kazi. Iliyotolewa ni haki ya kuomba na kujibiwa kwa sababu za msingi. Mwajiri bado anaweza kukataa. Karibu na sisi, ukivuka mpaka wa Murongo kutoka Kyerwa kuingia Uganda, sheria ya kazi ya huko inatoa siku 60 za kazi kwa mama na siku 4 za kazi kwa baba, na nchini Kenya mama hupata miezi mitatu na baba wiki mbili. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka kiwango cha chini cha wiki 14 za likizo ya uzazi. Siku 84 za kwetu ni wiki 12.

Nafuu ambazo ziko wazi kwa kila mwajiriwa

Ingawa sheria yetu haijatumia maneno "ratiba inayonyumbulika", ina njia ambazo hazimtaki mwajiriwa athibitishe kwamba ni mzazi.

Kwa kawaida saa za kazi hazipaswi kuzidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki. Hata hivyo, mwajiri na mwajiriwa wanaweza kukubaliana kwa maandishi kuibana wiki, yaani kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, pamoja na muda wa chakula, bila malipo ya saa za ziada, mradi siku za kazi zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Hesabu yake ni nyepesi. Karani wa chama cha msingi anayekaa kazini saa 12 kwa siku, akipumzika saa moja ya chakula, anafanya saa 11. Kwa siku nne amefanya saa 44. Siku ya tano inabaki yake: ya kumpeleka mtoto kliniki, kumpeleka baba mzee hospitali, kusomea diploma, au kupalilia migomba. Mwajiri hana haja ya kuuliza ni ipi kati ya hizo.

Pale penye chama cha wafanyakazi, mkataba wa hali bora unaweza pia kuruhusu saa kukokotolewa kwa wastani wa kipindi kirefu kisichozidi mwaka mmoja, hivi kwamba msimu wenye kazi nyingi ufidiwe na msimu mwepesi. Kwa shughuli za kahawa, ambazo hupanda na kushuka na msimu, njia hii ina manufaa makubwa kuliko inavyotumika sasa.

Anayebaki kazini ana haki zake pia. Saa za ziada haziamrishwi. Zinahitaji makubaliano, na haziwezi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne. Hulipwa kwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kwa mfano wa hesabu tu, mwajiriwa ambaye saa yake moja ni sh. 3,000 analipwa sh. 4,500 kwa saa ya ziada. Akibaki saa mbili kila siku kufidia kazi ya mwenzake anayenyonyesha, kwa siku tano za wiki, atakuwa amefanya saa 40 za ziada kwa wiki nne. Hizo ziko ndani ya ukomo wa sheria, na thamani yake ni sh. 180,000. Fedha hiyo ni deni la mwajiri. Haipaswi kugeuzwa kuwa hisani ya kijana kwa mama aliyejifungua, kwa kuwa ikigeuzwa hivyo, mama anajiona mwizi wa muda wa wenzake na kijana anajiona mjinga.

Kwa kazi ya usiku ipo nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwa kiwango kile kile cha sh. 3,000, ni sh. 150 kwa saa, au sh. 1,500 kwa usiku wa saa 10. Si kiasi cha kumfanya mtu akimbilie zamu ya usiku, na hii ni sababu mojawapo ya kuzigawa zamu hizo kwa uangalifu badala ya kutegemea kwamba malipo yataondoa kinyongo. Baada ya kazi ya siku, mwajiriwa anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo, na saa 24 mfululizo kila wiki. Aliyelala zamu hawezi kutakiwa kuendelea na zamu ya asubuhi eti kwa sababu mwenye watoto amechelewa na mvua.

Yapo mambo machache ambayo wasimamizi wa vituo, shule na ofisi wanaweza kuyafanya bila kusubiri waraka mpya. La kwanza, na pengine lenye matokeo makubwa kuliko yote, ni kubandika orodha ya zamu mahali ambapo kila mtu anaiona, ikiwa na jumla ya zamu za usiku, za mwisho wa wiki na za sikukuu kwa kila jina tangu Januari. Manung'uniko mengi hukoma pale takwimu zinapokuwa ukutani. Na yasipokoma, basi yana msingi. Kila nafuu iliyo nje ya sheria iandikwe na iwe na tarehe ya mwisho. Muuguzi yule ambaye mumewe amehamishwa anaweza kupewa miezi mitatu ya kutafuta msaidizi wa nyumbani au kuomba uhamisho, badala ya kupewa nafuu isiyo na kikomo ambayo siku moja itaondolewa ghafla na kuonekana adhabu.

Kwa watumishi wa umma kuna pia Mfumo wa Usimamizi wa Utendaji Kazi, PEPMIS, ambao hupima majukumu yaliyotekelezwa. Mfumo huo ukitumiwa inavyostahili unawasaidia wote wawili. Mama anayeondoka saa mbili kwa ajili ya kunyonyesha apangiwe majukumu yanayolingana na muda wake ili asishushiwe alama kwa kutumia haki yake, na aliyebeba majukumu ya ziada ayaone yameingizwa kwa jina lake. Kazi ambayo haikuingizwa popote haitamsaidia siku ya kupandishwa daraja.

Hatua za kuchukua

Mwajiriwa anayetaka mabadiliko ya saa, awe mzazi au asiwe, anashauriwa kuomba kwa maandishi, akieleza saa anazozitaka, muda wa mpango huo, na namna kazi yake itakavyofanyika. Mwajiri ajibu kwa maandishi na atoe sababu anapokataa. Kwa likizo ya uzazi, cheti cha daktari na taarifa ya miezi mitatu ni vya lazima. Anayesubiri mwezi wa mwisho humnyima mwajiri nafasi ya kujipanga, na mzigo wake huangukia kwa wenzake.

Panapotokea mgogoro, hatua ya kwanza ni msimamizi wa kazi, kisha tawi la chama cha wafanyakazi. Walimu wengi wako katika CWT, watumishi wa Serikali na afya katika TUGHE, na wa Serikali za Mitaa katika TALGWU. Mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza njia zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwamo rufaa mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma, na kwa walimu wa shule za umma za msingi na sekondari, Tume ya Utumishi wa Walimu. Mwajiriwa wa sekta binafsi hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza Fomu Na. 1. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hufunguliwa ndani ya siku 30. Mashauri mengine, yakiwamo ya ubaguzi na ya madai ya saa za ziada, hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na anayechelewa hulazimika kuomba kwanza aongezewe muda kwa kueleza sababu.

Katika shauri la ubaguzi, mlalamikaji akikwisha kuonyesha ushahidi wa awali kwamba ametendewa tofauti, ni wajibu wa mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Kwa sababu hiyo, nakala za orodha za zamu na barua za maombi zinafaa kutunzwa na pande zote mbili.